Mkono Uliopona Sebuleni

Kama umeambiwa juzi tu, na bado unaitembeza habari hiyo kifuani bila kumwambia mtu, vuta kigoda ukae. Mimi si mganga. Sijui ugonjwa huu unaingia mwilini kwa mlango gani wala ulikuwa umejificha wapi miaka yote hiyo, na kila nikielezwa nasahau kabla sijafika nyumbani. Ninachojua ni jinsi ulivyopita kwangu. Nimemeza pakiti ya mwisho, bado natengeneza redio, bado nina mke, na nina mengi ya kulalamikia kama mtu yeyote mzima. Nimeona nikuandikie kwa sababu siku nilipoambiwa mimi, nilitamani sana kukutana na mtu mmoja tu aliyekwisha kuumaliza.

Mjini watu wananiita Fundi, nyumbani naitwa Baba Neema. Kwetu ni Kalinzi, kule juu kwenye kahawa na baridi. Niliteremka Kigoma nikiwa kijana, nikajifunza redio, nikapata kibanda sokoni Mwanga na vyumba viwili na sebule Buzebazeba, kisha nikampata Spesiosa. Yeye na mama yake walikimbia vita Burundi. Mama akabaki kambini, Spesiosa akaolewa na mimi. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, na fundi redio hakukosa kazi. Watu waliofika bila godoro walifika na redio. Ndiyo iliyowaambia kama kwao kumetulia au bado, na ikinyamaza, mtu alikuwa tayari kudandia lori kutoka kambini hadi Mwanga kuitafutia fundi.

Kazi yangu ni ya moto. Risasi ya kuungia nyaya huyeyushwa kwa chuma chenye ncha, na kwa kuwa kibandani hapakuwa na umeme, chuma changu nilikipasha kwenye jiko la mkaa. Siku moja ya kiangazi, vumbi jekundu limejaa soko zima, nilikuwa nimeinamia redio ya mzee mmoja wa kambini, naye amekaa juu ya kasha ananisubiri. Mara akainua pua.

"Fundi, kuna nyama inaungua."

"Ni mama ntilie huyo wa nyuma," nikamwambia bila kuinua kichwa.

"Oya, siyo yeye. Ni wewe."

Nikatazama. Mkono wangu wa kulia, upande ule wa kidole cha mwisho unaoegemea meza, ulikuwa umelalia chuma cha moto. Ngozi ilikuwa imejikunja na inatoa moshi. Sikusikia chochote. Nikauondoa taratibu kama anayesogeza kikombe, nikacheka, nikamwambia mzee kwamba mikono ya fundi imekomaa. Mzee hakucheka. Alichukua redio yake kabla sijaimaliza, akaniambia "ihangane," ndiyo pole yao, akaondoka.

Spesiosa naye hakucheka. Jioni alikisafisha kidonda, kisha akaniambia nifumbe macho. Akawa ananigusa kidole kimoja kimoja. "Hapa?" Ndiyo. "Na hapa?" Ndiyo. Kisha kikawa kimya kirefu, hata nikachoka kusubiri nikafungua macho. Alikuwa amechomeka sindano ya kushonea kwenye kidole changu cha mwisho na anaitazama ilivyosimama. Kesho yake hakuniuliza kama nitakwenda hospitali. Aliniletea shati safi kitandani.

Kama bado hujakaa kwenye benchi letu, nikueleze. Pale hospitali kila ugonjwa una benchi lake. Wajawazito wako karibu na mlango penye upepo, wenye watoto wako katikati. Letu lilikuwa mwisho wa korido, jirani na bomba linalovuja. Hapakuwa na maandishi kwamba ni letu, ila ukikaa unajua, maana waliotangulia wamekaa na mikono kwapani na wapitao wanaongeza mwendo. Baadaye nilikuja kulipenda sana benchi lile. Mwezi baada ya mwezi palikuwa ndipo mahali pekee mjini ambapo hakuna aliyeniuliza nina nini. Lakini siku ile ya kwanza nilitaka kutoroka, na ningetoroka, ila Spesiosa alikuwa amelishika shati langu kwa nyuma.

Muuguzi wa chumba kile alikuwa mama mmoja mnene wa Ujiji, ana ushungi mweupe na mdomo usio na breki. Tulimwita Sista Mwajuma. Alinivua shati, akauliza mabaka ya mgongoni yana muda gani. Spesiosa ndiye aliyejibu. Mimi hata sikujua kwamba nina mabaka. Kisha akachukua unyoya wa kuku.

"Fumba macho. Nikikugusa, nionyeshe nilipogusa."

Nikafumba. Akanigusa mara chache nikaonyesha. Baadaye nikaona amechelewa, nikadhani ameitwa nje. Nikamsikia Spesiosa analia. Yeye alikuwa anauona unyoya ukitembea mgongoni na mkononi mwangu muda wote huo, na mimi nimetulia kama mtu aliye misani.

"Ni ukoma," Sista akasema. "Kwenu mnaita ibibembe. Sasa lia kidogo, kisha unisikilize, maana nina watu wanasubiri."

Sikulia. Nilitazama ukuta. Alisema mengi, yakabaki mawili. La kwanza, dawa ipo na inaumaliza kabisa, na nikishaanza kuimeza sitamwambukiza mtu. Spesiosa na binti yetu Neema nao wakakaguliwa, wakaonekana hawana kitu. La pili lilihusu mkono. Mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko ulikuwa umevimba. Ugonjwa ungekufa kwa dawa, lakini mkono ungeweza kutangulia kufa. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinaanza kujikunja, na vikishakakamaa hivyo, havirudi tena.

"Kupona kwa mkono kuko nyumbani kwako, si hapa," akasema. "Maji, mafuta, kunyoosha, asubuhi na jioni. Na usiungue tena."

Fundi redio asiungue tena! Nilitamani kumwambia amshauri na mvuvi asilowe.

Pakiti ya kwanza, na kila pakiti ni ya mwezi mmoja, nilianza kuimeza mbele yake. Mkojo wa siku ile ulitoka mwekundu, nikamwita Spesiosa aje ashuhudie kifo changu, akasema Sista alikuwa ameshanionya ila mimi nilikuwa na shughuli na ukuta. Kwenye pakiti ya pili ngozi ikaanza kubadilika kwa dawa hizo, ikawa nyeusi yenye wekundu kwa ndani. Binamu yangu aliteremka kutoka Kalinzi kwa pikipiki, akanikuta mlangoni, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Sikuwahi kuwa mzuri sana, lakini nilikuwa nimeizoea sura yangu, na iliniuma kuipoteza.

Muda wote huo nilikuwa bado naenda kibandani. Mkono niliufunga kitambaa nikasema ni jeraha la moto, na haukuwa uongo. Lakini soko lina macho. Jirani yangu fundi cherehani alianza kunisalimia kwa mbali. Mteja mmoja alipokea redio yake kwa mfuko wa plastiki, akaifuta mbele yangu. Mvua zilipoanza, katikati ya pakiti ya tatu, mkono ukavimba wote na maumivu yakawa yanashuka kutoka kiwikoni kama waya wenye umeme. Bisibisi iliniponyoka. Kikombe kiliniponyoka. Sista akanipa vidonge vingine vidogo vya kupunguza uvimbe, akaufunga mkono na banzi la kulalia, kisha akasimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Chagua, Fundi. Kibanda au mkono. Huko sokoni nani atakulowekea huo mkono?"

Nilikuwa bado nafikiri jibu la kiume wakati Spesiosa alipokwisha kujibu. "Kazi itakuja nyumbani," alisema.

Njiani tulibishana. Nilimuuliza mwanamume anakaaje nyumbani mchana kweupe. Watu watasema nimefilisika, au kuna mtu nimemwibia najificha. Mwanamke wa pale Buzebazeba akikaa nyumbani anaitwa mama wa nyumbani; mwanamume akikaa nyumbani hata jina hana.

"Watasema unatengeneza redio," akanijibu. "Wataisikia inaimba."

Kesho yake akakodi mkokoteni, akaileta meza yangu na sanduku la spea kutoka Mwanga, akaviweka sebuleni chini ya dirisha.

Majuma ya mwanzo tuligombana kila siku, na kisa kikubwa kilikuwa jiko. Jiko tulikuwa nalo moja. Yeye ana maharage, mimi nina chuma. Maharage yanataka asubuhi nzima, na kila nikikichomeka chuma pembeni ya sufuria alisema chakula kinanuka redio. Mwisho tukaafikiana chuma kiingie kwa chini, kwenye mlango wa jiko, sufuria ibaki juu, na mimi nisiuguse mkaa kabisa. Nikikitaka chuma nimwite. Ndivyo ilivyoanza. Alikuwa anakitoa yeye, anakisogeza karibu na shavu lake kupima moto, halafu ananikabidhi upande wa mpini niliouviringishia matambara. Baadaye, kwa viungo vidogovidogo, akawa anakishika yeye mwenyewe na mimi namwonyesha kwa kijiti pa kuunga. Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Nilimwambia kwamba miaka yote hiyo nilidhani nimeoa mpishi kumbe nimeoa fundi. Akasema hata yeye alidhani ameolewa na mtu mzima.

Hakuna aliyekuwa ameniambia raha za kufanyia kazi nyumbani, labda kwa sababu wanaume hawazisemi. Karai la maji lilikuwa chini ya meza, nikimaliza kuloweka Spesiosa ananipaka mawese, ananikanda, ananyoosha vidole kimoja baada ya kimoja, na redio ya mtu iko palepale inangoja. Homa ikija nalala nusu saa, naamka, naendelea. Sokoni ningelala wapi? Hakuna aliyenitazama mkono. Vile vidonge vidogo vilinivimbisha mashavu na kunitia njaa ya ajabu, na sebuleni nilikula ugali saa nne asubuhi bila kumwomba mtu radhi. Nilijua sasa kwamba Neema hukariri jedwali la kuzidisha huku akifagia. Nilijua kwamba Spesiosa huimba kwa pua anapochambua mawe kwenye maharage. Alikuwa mjamzito, hilo nililijua tangu kiangazi, lakini sikuwa nimewahi kuona jinsi anavyoshika ukuta kwanza ndipo akae. Niliona nikaacha kumtuma maji ya kunywa. Mambo hayo yalikuwepo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa Mwanga.

Wateja hawakuja upesi. Siku nyingine iliimba redio moja tu, ya kwangu, na sauti nikaiongeza ili mtaa usikie kwamba kazi ipo. Wa kwanza kutoka mbali alikuwa yule mzee wa kambini, na redio yake ileile niliyoiachia njiani. Alikuwa ameulizia Mwanga, akaelekezwa kwa maneno ambayo hakutaka kunirudia. Akaingia, akaketi, akasema, "Malizia." Nilipoimaliza, habari za Kirundi zilikuwa zinaanza, akaomba azisikilizie hapohapo kabla lori halijaondoka. Safari nyingine akaja na wenzake. Tukaongeza benchi. Ikawa mtu akiwa na kibali cha kuja mjini kutibiwa, akimaliza hospitali anapitia kwa Fundi Buzebazeba kusikiliza nyumbani kwao kumeamkaje, na Spesiosa anawapa maji. Walikuwa wanasikiliza na vichwa vimeinama, na habari zikiisha hakuna anayenyanyuka haraka. Niliwapenda sana watu wale.

Kisha akaja mama mkwe.

Alikuja na kibali chake, na kikapu cha unga wa mtama, kumwuguza binti yake uzazi. Hapa nikueleze kidogo, kama hukulelewa huku kwetu. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa zamani. Kwake yeye, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja anakaa pembeni mwenzake apite. Kambini nilikuwa namsalimia nikiwa nje na yeye akiwa ndani, na tulipendana hivyohivyo vizuri sana. Sasa nyumba ina sebule moja, sebule ina meza yangu, na njia ya kutoka chumbani kwenda uani inapita mgongoni kwangu. Kabla ya huo ugonjwa ningeshinda sokoni na jambo lisingekuwepo. Spesiosa akafunga kitenge katikati ya sebule, kutoka msumari hadi msumari. Mimi upande wa dirisha, mama yake upande wa uani.

Tukawa tunazungumza kupitia kwa Neema.

"Neema, mwambie baba yako moshi wake unaingia kwenye uji."

"Neema, mwambie bibi yako moshi ni wa maharage ya mama yako."

Neema akiwa shule, tulizungumza kupitia kwa kuku. "Wewe kuku," angesema mama mkwe kwa Kiswahili chake chenye Kirundi kingi, "mkwe wangu amekula?" Nami ningemwambia kuku kwamba nimekula, asante. Habari za Kirundi zikianza, alikuwa anakohoa mara mbili, na kikohozi hicho maana yake niongeze sauti. Nilianza kumfurahia. Wateja nao walimfurahia, wakawa wanakisalimia kitenge.

Habari ya ugonjwa wangu mama mkwe aliambiwa na mwanamke mmoja kisimani. Najua kwa sababu alirudi na ndoo tupu. Alipita mgongoni kwangu bila kunisubiri nisogee, akaingia chumbani, na nikasikia anavuta mzigo chini ya kitanda.

"Fungasha, mwana wanje, mwanangu," akamwambia Spesiosa. "Utazalia kambini. Ibibembe! Na ulinificha."

"Nilikuficha kwa sababu nilijua utafanya hivi. Sista amesema haambukizi. Tumepimwa, mimi na Neema."

"Sista si mama yako."

"Mama, mimi nikiondoka, mkono wa Baba Neema utakandwa na nani?"

"Na aliyemzaa."

"Aliyemzaa alishakufa, mama. Ana mimi."

Nilikuwa nimekaa mezani na redio imefunguliwa tumbo mbele yangu, siwezi kusimama wala kusema, maana mkwe haingilii. Nilikuwa nawaza mambo mawili ambayo kwangu yalikuwa jambo moja. Spesiosa akienda, vidole hivi vitajikunja, na vikijikunja, hakuna fundi tena, hakuna nyumba ya kumrudisha. Nilimpenda mke wangu hata pumzi ikanikata. Baada ya muda nikasikia mzigo unasukumwa tena chini ya kitanda. Mama mkwe hakuondoka, lakini aliacha kuongea na kuku. Kikombe chake alikifungia kwenye kikapu. Habari za Kirundi zilipoanza, hakukohoa.

Uchungu ulimshika Spesiosa mvua zikielekea mwisho, kwenye pakiti ya saba. Akaenda hospitali na mama yake, mimi nikabaki mlangoni nimeshika ndoo sijui kwa nini. Jioni jirani akaniletea habari: mtoto wa kiume, mzima, ila mama amepasuliwa na atalazwa. Neema akachukuliwa na jirani huyohuyo. Mama mkwe akawa anashinda hospitali, anarudi asubuhi kupika uji, anaubeba, anaondoka, na wala hatazami upande wa kitenge.

Mkono nao ukabaki na mimi. Kuloweka niliweza. Kunyoosha sikuweza, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa nao umeanza kulegea, hauna nguvu ya kuufungua mwenzake. Nilijaribu kuubana kwenye ukingo wa meza. Nilijaribu kuukalia. Kila asubuhi ulikuwa mgumu kuliko jana yake. Asubuhi moja nilipofungua banzi, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeingia kiganjani na havikukubali kutoka. Nikauweka kwenye karai, nikasubiri maji yapoe, nikautoa. Vimelala vilevile. Niliogopa kuliko siku ile ya unyoya. Redio ilikuwa inaongea, nikaongeza sauti, nikaweka paji la uso mezani nikalia.

Upande wa pili wa kitenge alikuwepo mtu anamimina uji kwenye chupa ya chai. Umiminaji ukakoma. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mwanga wa dirisha ulikuwa upande wangu, na kitenge kile kimefuliwa miaka mingi. Kumbe siku zote alikuwa ananiona.

"Wewe kuku," mama mkwe akaanza, "mwambie mkwe wangu..."

Hakumalizia. Kitenge kikasogezwa. Akaja na mkeka na chupa ya mawese, akautandika mkeka, akaketi juu yake akiwa amenipa mgongo nusu, uso wake umeelekea ukutani. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Zana ikiganza," akasema. Lete kiganja.

"Mama, haifai."

"Najua isivyofaa. Zana."

Nikashuka kwenye kiti, nikakaa sakafuni, nikampa. Mikono yake ilikuwa migumu ya jembe. Alianza kwenye kifundo, akashuka taratibu, mafuta yakapata joto. Hakunitazama hata mara moja. Heshima aliiweka machoni, na mikono akaiachia ifanye kazi yake. Alikuwa anaongea na ukuta.

"Nilikuwa na kaka. Walimjengea kibanda ng'ambo ya mto. Mimi ndiye niliyempelekea chakula, naweka juu ya jiwe, narudi nyuma, ndipo anakuja. Siku moja aliniomba nimkune mgongo. Mgongo tu. Nikakimbia."

Akaendelea kukanda.

"Hapakuwa na Sista enzi zile," nikasema.

"Ego, ndiyo," akasema. "Hakukuwa na Sista."

Siku zote alizolazwa Spesiosa, mama mkwe alifanya hivyo, asubuhi kabla ya uji na jioni akirudi, uso ukutani. Spesiosa aliporudi na mtoto wetu alikikuta kitenge kimefungwa pembeni kama pazia la dirisha, akanitazama, kisha akamtazama mama yake. Sista Mwajuma aliponipima tena, aliweka karatasi katikati ya vidole vyangu akaivuta, vidole vikaishika. Akaivuta kwa nguvu zaidi ikachanika, akapiga vigelegele hadi benchi la wajawazito likageuka. Kidole cha mwisho tu ndicho kilichobaki na mkunjo kidogo, na hakisikii kitu hadi leo. Kibandani kwangu sasa kuna mtu anauza betri. Watu wananiuliza kwa nini sirudi Mwanga nami nimepona. Nawajibu kwamba jiko liko huku. Lakini wewe uliye na ugonjwa wangu nikwambie sawasawa: asubuhi ile ningekuwa kibandani, nani angeniona?

Ile siku ya kwanza, alipoufungua mkono wote na vidole vyote vitano vikawa vimelala wazi juu ya kanga yake, vinang'aa mafuta, mama mkwe aliupitia tena ncha kwa ncha.

"Unasikia?" akauliza, bado anatazama ukuta.

"Nasikia, mama. Isipokuwa hicho cha mwisho. Hicho sisikii kitu."

Nilidhani atakiacha.

"Basi hicho ndicho nitakishika zaidi," akasema, akakishika.